Kapteni Grant na Mimea ya Nchi Yetu

Katika historia ya nchi za maziwa, jina la Kapteni James Augustus Grant hutajwa nyuma ya jina la mwenzake, John Hanning Speke. Speke alisifiwa kwa kukiona chanzo cha mto Nile Julai 1862. Grant siku hiyo alikuwa njia nyingine na hakukiona. Hata hivyo, kwetu sisi tunaoishi kati ya Mabawe na Biharamulo, na kwa ndugu zetu wa visiwani ambako msafara ule uliandaliwa, kazi aliyoiacha Grant ina manufaa makubwa kuliko ubishi wa nani aliona nini kwanza. Yatupasa kuitazama upya, kwa wema wake na kwa kasoro zake.

Grant alizaliwa Nairn, Uskoti, mwaka 1827. Alisoma katika Chuo cha Marischal, Aberdeen, na mwaka 1846 akaingia katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi. Hatuna haja ya kumpamba. Alikuwa askari wa dola iliyotawala watu wengine kwa nguvu, na alijeruhiwa katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857, wakati wa kuzimwa kwa maasi ya Wahindi. Lakini alikuwa pia mchoraji mwenye jicho kali na mpenzi wa elimu ya mimea.

Agosti 1860 Speke na Grant walifika Unguja, wakati wa utawala wa Sayyid Majid. Grant alikuwa na kamera, na picha alizopiga huko ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za mji ule. Walipovuka na kuingia bara mwezi Oktoba, kamera ilionekana kuwa mzigo: kazi ya kusafisha picha ndani ya hema lenye joto kali ilihatarisha afya yake. Kamera ikarudishwa pwani, naye akashika penseli na rangi za maji. Hivyo chombo kipya cha zama zile kilishindwa, na mkono wa binadamu ukaendelea na kazi.

Mwaka 1861 msafara ulipita Usui, nchi ya mtawala Suwarora, katika sehemu ambazo leo ni za Biharamulo na jirani zake. Huko walicheleweshwa na madai ya hongo. Mwezi Novemba walifika Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Kisha Grant akaugua mguu vibaya, kwa donda ambalo baadhi ya matabibu wa siku za karibuni wamelilinganisha na donda la Buruli. Januari 1862 Speke alikwenda Buganda akamwacha. Grant alikaa Karagwe hadi Aprili, akiishi kwa hisani ya Rumanyika, na alipoondoka alibebwa kwa machela.

Msafiri huyu alichora watu, nyumba, vilima na maziwa. Mimea aliikausha na kuihifadhi, akiandika ilikoota na jinsi wenyeji walivyoitumia kwa chakula, dawa au kamba. Hapa ndipo penye somo. Mmea ukikauka hupoteza rangi yake, na mara nyingi umbo lake pia. Mchoro huyahifadhi yaliyopotea. Mchoro nao waweza kudanganya. Jani lililokaushwa humsahihisha mchoraji. Sanaa na sayansi zilishikana mikono, kila moja ikiwa shahidi wa mwenziwe.

Michoro yake ilitumika kupamba kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Mimea ilipelekwa katika bustani ya Kew, karibu na London, ambako wataalamu waliichambua. Matokeo yalichapishwa na Chama cha Linnean kati ya 1872 na 1875, pamoja na maelezo ya Grant mwenyewe. Swala granti wa mbuga zetu amebeba jina lake tangu mwaka 1872. Yeye alifariki Nairn, Februari 1892.

Kasoro yenyewe haifichiki. Mtu asiyeweza kusimama hakusanyi mimea peke yake. Walikuwako wapagazi, wangwana waliotoka Unguja, na wenyeji waliojua kila mti na kazi yake. Sidi Mubarak Bombay anakumbukwa. Wengi wengine hawakuandikwa katika majina ya Kilatini wala katika vitabu. Elimu ilichukuliwa kwao, ikasafiri ng'ambo, na kwa zaidi ya miaka mia moja mtoto wa Ngara hakuweza kuiona.

Leo kisingizio cha umbali kimepungua. Vitabu vya Chama cha Linnean vya zama zile vyaweza kusomwa katika intaneti bila malipo, na Kew imekuwa ikipiga picha hazina yake ya mimea iliyokaushwa na kuiweka wazi kwa ulimwengu. Basi twawaambia maofisa wa elimu na wa maliasili: haitoshi kwamba Hifadhi ya Burigi-Chato ilitangazwa mwaka 2019, au kwamba Unguja ina Hifadhi ya Jozani tangu 2004. Mwanafunzi wa Mabawe apewe karatasi, penseli na mwalimu wa kumfundisha kutazama. Achore mmea wa kwao, aukaushe, aandike jina lake kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, pamoja na jina la mzee aliyemweleza matumizi yake. Kisha kazi hiyo iwekwe katika intaneti, mwenziwe wa Pemba aione, naye ajibu kwa mimea ya mikoko.

Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua kila mwaka, na misitu nayo inapungua. Grant alifanya kazi yake akiwa mgonjwa na mgeni. Sisi ni wazima, na tuko nyumbani.