Mchungaji Paul Gerhardt (1607–1676)

Mtunzi huyu wa nyimbo, mzaliwa wa Gräfenhainichen, Ujerumani, alihudumu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, Berlin, tangu mwaka 1657. Mwaka 1666 mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alimwondoa kazini kwa kukataa kutia sahihi ahadi ya kutoyapinga mafundisho ya Wakalvini mimbarani. Jaribu kali zaidi, la namna iwashindayo wengi, lilikuja kwa upole: mwaka 1667 alirudishiwa nafasi yake bila sahihi, ila akitarajiwa kuitii amri ile kimyakimya. Alikataa, ingawa hakuwa mtu wa ugomvi. Mwaka 1668 mkewe, Anna Maria, alifariki. Watoto wao wanne walikwisha kutangulia. Alimalizia utumishi wake Lübben, akiwa na mwana mmoja aliyesalia.