Mwana wa mkulima aliyetembea hadi Detroit

Aghalabu tunapomtaja Henry Ford darasani, humwita mvumbuzi wa gari. Sifa hiyo si yake. Gari la injini ya petroli lilikwisha kuundwa Ujerumani na Karl Benz mnamo mwaka 1886. Alichokifanya Ford ni kulitoa gari mikononi mwa matajiri na kulitia mikononi mwa umma. Na kwa kufanya hivyo, bila ya kukusudia, alichangia kumpokonya mtembea kwa miguu barabara yake. Maisha ya bwana huyu yafaa kusomwa upya kwa jicho hilo.

Ford alizaliwa Julai 30, 1863, katika jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, lakini mwana hakuipenda kazi ya jembe. Alipenda kufungua saa na kuziunga tena. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 16, aliliacha shamba akaenda Detroit kwa miguu kutafuta kazi katika karakana. Baadaye akawa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison, na usiku akishughulika na kigari chake katika kibanda nyuma ya nyumba. Kilipokamilika mwezi Juni 1896, mlango ulikuwa mwembamba mno. Ikambidi auvunje ukuta kwa shoka ndipo kigari kitoke. Waama, kisa hicho kilikuwa bishara. Tangu siku hizo, kuta na mitaa ndiyo inayovunjwa ili gari lipite.

Mwaka 1903 aliasisi kampuni iliyobeba jina lake, na mwaka 1908 akatoa gari la Model T. Umbo lake lilisanifiwa kwa ajili ya mkulima: lilisimama juu ya magurudumu marefu membamba ili lipite katika matope na mashimo, nalo lilikuwa sahili kiasi kwamba mwenyewe aliweza kulitengeneza. Mwanzoni liliuzwa kwa dola 850. Mwaka 1913 Ford alianzisha utaratibu wa kulipitisha gari mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifunga kipande chake. Muda wa kuliunga ukashuka kutoka saa 12 na zaidi hadi takriban saa moja na nusu. Kufikia miaka ya 1920 bei ilikuwa chini ya dola 300. Mnamo 1914 alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, ingawa aliwatuma wakaguzi majumbani mwa wafanyakazi kuchunguza mienendo yao.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ford alikataa kulibadilisha gari lake, huku washindani wake wa General Motors wakitoa maumbo na rangi mpya kila mwaka. Mwaka 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, Model T ilikoma. Gari halikuwa tena chombo cha kazi tu. Lilikuwa vazi la kujionyeshea. Isitoshe, gazeti lake lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi, doa ambalo hakuna utajiri unaoweza kulifuta.

Wakati huo huo, miji ya Marekani ilikuwa imeanza kubadilika. Barabara iliyokuwa ya watoto, wachuuzi na wapita njia iligeuzwa kuwa ya magari. Ili mwenye miguu akubali kuondoka, lilienezwa neno la kumdhihaki kila aliyevuka barabara apendapo, neno lenye maana ya mshamba asiyejua kutembea mjini. Tazama kinaya hicho, msomaji: mshamba aliyeingia Detroit kwa miguu ndiye aliyeunda chombo kilichowafanya wenzake waitwe washamba. Huko Detroit kwenyewe, tramu ya mwisho ilisimamishwa mwaka 1956.

Yamkini Ford mwenyewe alihisi kuna kitu kilichopotea. Aliamini kwamba dawa ya matatizo ya mji ni kuuhama, rai ambayo gari liliitimiza kwa kuwatawanya watu mbali na kazi na maduka. Kisha mwaka 1929 akazindua Greenfield Village, kijiji cha nyumba za kale alizozihamisha kutoka kwingi, ambako wageni walitembezwa kwa magari ya farasi. Alifariki Aprili 7, 1947, usiku ambao mafuriko yalikuwa yamekata umeme nyumbani kwake. Mhandisi huyo wa zamani wa umeme alikata roho kwa mwanga wa mishumaa.

Sisi nasi tunao wetu. Kila alfajiri jijini Nairobi maelfu hutembea hadi viwandani, na mwaka baada ya mwaka waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani nchini Kenya. Mmoja wao akigongwa, swali letu la kwanza huwa ni kwa nini hakutumia kivukio. Ni nadra kuuliza kwa nini kivukio kilijengwa mbali na njia yake. Neno lile la dharau tumelirithi pasi na kulitafsiri. Mwalimu anayefundisha maisha ya Ford hana budi kuwakumbusha wanafunzi wake, ambao wengi wao walifika shuleni kwa miguu, kwamba barabara ilikuwapo kabla ya gari, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mtembeaji.