Sir Albert Cook: Daktari aliyesogeza wakunga vijijini

Wafanyabiashara wanaopita Gatuna kwenda Kampala, na sisi tuliosomea ukimbizini Uganda, tunaijua Hospitali ya Mengo, kilimani Namirembe. Mwanzilishi wake ni Mwingereza, Albert Ruskin Cook, aliyezaliwa London mwaka 1870.

Yeye na wenzake waliondoka Mombasa mwaka 1896 kwa miguu, kwani reli ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kujengwa. Walifika Mengo Februari 1897, na Mei akafungua hospitali ya matete na nyasi. Wagonjwa wakafurika. Mwaka 1900 alimwoa Katharine Timpson, muuguzi waliyesafiri naye. Mwaka uliofuata, yeye na nduguye Jack waligundua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini humo. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali, wakajenga nyingine.

Lakini, msomaji, si majengo yanayonifanya nimkumbuke. Uchungu wa uzazi haungoji saa za kazi. Mama aliyekwama usiku, mwendo wa siku nzima kutoka Mengo, alifika amechelewa, au hakufika kabisa. Vitanda zaidi mjini vingemfaa nini? Wakati huo wakubwa walikuwa na hofu pia ya kaswende na vifo vya watoto wachanga. Mwaka 1921 ikafunguliwa pale Namirembe shule ya wakunga ya Lady Coryndon. Wasichana walifunzwa, kisha wakapelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Uzazi wa kawaida ukaishia huko huko, ule mgumu ukapelekwa hospitali. Sifa zote hupewa mume, jambo ambalo naona si haki, kwani aliyewalea wakunga wale hasa ni Katharine.

Hapa Rwanda tunao utaratibu wa namna hiyo: mjumbe wa afya kijijini, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ndipo CHUK. Tangu 2007 ipo pia SAMU, ambayo gari lake la wagonjwa huitwa kwa namba 912. Anayekimbilia hospitali kubwa usiku kwa mafua anamkalisha foleni mama anayetokwa damu.

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932. Katharine alifariki mwaka 1938. Mzee hakurudi kwao. Alifia Kampala mwaka 1951, akazikwa Namirembe, jirani na hospitali yake.