JOHN HANNING SPEKE NA HADITHI ALIYOTUACHIA

Mwaka huu nimeamua kuwasimulia maisha ya mtu ambaye sisi hulikariri jina lake kila mtihani wa historia unapokaribia.

Speke alizaliwa Uingereza tarehe 4 Mei 1827. Akiwa na miaka 17 alijiunga na jeshi kule Bara Hindi. Mwaka 1855 alikuwa nchi ya Wasomali pamoja na Richard Burton. Walivamiwa usiku, Speke akachomwa mikuki, akaponea chupuchupu. Mwaka 1857 wawili hao waliingia bara. Burton alibaki karibu na Tabora, naye Speke akaenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa letu karibu na Mwanza. Akalipa jina la malkia wake, Victoria, kana kwamba wavuvi waliokuwapo hawakuwa na jina lao!

Alirudi mwaka 1860 na James Grant, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyewahi kuuzwa utumwani. Mwaka 1862 alimfikia Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai akasimama Jinja panapotokea Nile, mwendo wa saa chache tu kwa matatu kutoka hapa Busia. Alikufa tarehe 15 Septemba 1864 kwa bunduki yake mwenyewe akiwinda, siku moja kabla ya kujadiliana na Burton hadharani.

Basi, kuna jambo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio. Katika kitabu chake cha 1863, Speke aliandika ati watawala wafugaji wa falme alizoziona walikuwa wageni kutoka Uhabeshi. Hakuchimba hata shimo moja. Alitazama sura na vimo vya watu, basi.

Hadithi hiyo ikapata wateja. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliitumia kuwapendelea Watutsi, na miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Baada ya uhuru wa 1962, wanasiasa waliigeuza: kama Watutsi ni wageni, basi waondoke. Mwezi Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia watu akitaka warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 watu wapatao 800,000 waliuawa, na mto Kagera ukazibeba maiti hadi ziwa lilelile la Speke, ambalo sisi huvua samaki kule Port Victoria.

Na waliochimba walipata nini? Kule Uganda, mahandaki ya Bigo bya Mugenyi yana urefu wa zaidi ya kilomita 10. Yalipochimbwa mwaka 1957 na 1960, vilipatikana vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe, mali ya wafugaji wa nchi hiyohiyo. Tena kuna vyungu viitwavyo Urewe, jina la mahali hapo jirani Siaya. Vilitangazwa na wataalamu mwaka 1948. Vina umri wa miaka 2,000 hivi, na vya namna hiyohiyo vimepatikana hadi Rwanda na Burundi, pamoja na mabaki ya kufua chuma. Wazee wa Samia waliofua majembe hawakungoja mgeni awafundishe.

Nimeandika haya kwa sababu hapa Busia na Malaba pia, kampeni zikianza, hukosi kusikia mtu akiambiwa ati yeye ni wa ng'ambo, arudi Uganda. Lo! Mpaka mwaka 1902, ardhi hii yote tunayoikalia ilihesabiwa kuwa Uganda. Sasa nani atamrudisha nani?

Kwa hivyo ndugu zangu, mtu akija na hadithi ya nani mwenyeji na nani mgeni, muulizeni kwanza amechimba wapi, na amepata nini. Halafu muulizeni anataka kura ngapi.