Ufahamu: Georg von Békésy na Siri ya Sikio

Georg von Békésy alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1899. Alipohitimu shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1923, aliajiriwa na Posta katika maabara ya simu. Haja ya kuboresha simu ilimfanya achunguze sikio lenyewe. Kwa kutumia masikio ya maiti, hadubini na mwanga wa kumweka, aliona sauti ikisafiri kama wimbi ndani ya koklea, mrija uliojikunja mfano wa konokono. Sauti nyembamba hutikisa zaidi mwanzo wa mrija. Nzito hutikisa zaidi mwisho wake.

Ndiyo maana mtu aliyeharibika sehemu ya mwanzo husikia akiitwa, lakini huzikosa konsonanti kama /s/ na /f/, asitofautishe “saa” na “faa”. Mtoto wa namna hiyo huweza kudhaniwa mzembe darasani.

Békésy alibuni pia kipimo cha usikivu kinachoendeshwa na mgonjwa mwenyewe kwa kubonyeza kitufe. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, akafariki Honolulu, Marekani, mwaka 1972.

Maswali
(a) Kwa nini mtu huweza kusikia sauti bila kutambua neno?
(b) Mwalimu amsaidieje mwanafunzi wa aina hiyo? Toa hoja mbili.