Askofu Lucas na Jando la Masasi

Mafungu ya kusoma: Danieli 1:1–20, Matendo 15:1–31, 1 Wathesalonike 5:21.

William Vincent Lucas alizaliwa Uingereza mwaka 1883, akasoma Oxford, akawa padre wa Kianglikana, kisha akaja kusini ya nchi yetu pamoja na misheni ya UMCA. Mwaka 1926, Dayosisi ya Masasi ilipotengwa na ile ya Zanzibar, yeye ndiye aliyewekwa kuwa askofu wake wa kwanza. Aliongoza mpaka 1944, akafariki mwaka uliofuata. Hakuwa wa kanisa letu, na yako mambo aliyoyafundisha ambayo sisi hatuyafundishi. Lakini alijishughulisha na swali ambalo kila mzazi wa darasa hili analo nyumbani mwake: mtoto anapovuka kuwa mtu mzima, ni nani anayempokea ng'ambo, na anamwambia nini?

Ili kulielewa swali hilo inafaa kujua mahali alipofika. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani, akawaweka chini ya ile milima ya mawe ambayo kila asafiriye kwenda Tunduru huiona. Mwaka 1882 Magwangwara walikishambulia kijiji, na kazi ikahamia Newala, juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kwa Mwenye Matola. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alitumwa Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufanywa padre. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, Masasi ilichomwa moto. Kwa hiyo Lucas alikuta kanisa lililokwisha kupita katika mengi, lenye makasisi wenyeji walioijua nchi yao kuliko yeye.

Alilikuta pia jando.

Wasomaji wa Masasi na Newala hawahitaji kuelezwa, lakini wengine watafaidika. Miongoni mwa Wayao, Wamakua na Wamakonde mvulana hakuwa mtu mpaka aende kumbini. Alichukuliwa na kupelekwa porini pamoja na wenzake, ngariba akafanya kazi yake, na wari wakakaa huko majuma kadhaa mpaka vidonda vipone. Muda huo ulikuwa shule. Walifundishwa nyimbo na mafumbo, jinsi ya kumsalimu mkubwa, kuvumilia njaa na baridi, na mambo ya mume na mke. Siku ya kutoka kumbi lilichomwa moto, wari wakaoshwa, wakavishwa nguo mpya, wakarudi na majina mapya. Wasichana nao walikuwa na unyago wao, chini ya makungwi. Unyago wa huku, tofauti na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, haukuwa wa kukeketa. Ulikuwa wa mafundisho na desturi nyingine za siri.

Asiyepita hapo hakuwa na neno barazani, wala hakupata mchumba kwa urahisi. Tena kabila hizi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito kuliko la baba. Baba aliyebatizwa aliweza kusema mwanawe haendi, na mjomba akamchukua. Hapo kanisa lilikuwa katika shida ya kweli. Ndani ya jando kulikuwa na sadaka za unga kwa mizimu chini ya mti, kulikuwa na nyimbo za matusi, na kulikuwa na mafundisho ya zinaa ambayo Mkristo hawezi kuyakubali. Kijana wa misheni aliwekwa njia panda: akienda, ametenda mambo ambayo kanisa linayakataza, asipoenda, atabaki mtoto mbele ya watu wake maisha yake yote. Mtu wa miaka 12 au 13 hawezi kubeba mzigo huo peke yake.

Misheni nyingi zilipokutana na mambo ya namna hii zilipiga marufuku, zikaona zimemaliza. Marufuku nyingine zilikuwa za haki. Mwaka 1929 makanisa kadhaa ya misheni nchini Kenya yaliwataka Wakikuyu waumini waahidi kuacha tohara ya wasichana. Watu wengi waliyaacha makanisa hayo, na shule huru zikaongezeka. Kuwalinda wasichana na kisu lilikuwa jambo jema, na hatusemi vinginevyo. Ila inaonyesha jinsi amri inayotoka juu, bila kuzungumza na wenye watoto, inavyoweza kuvunja nyumba ya Mungu vipande viwili.

Lucas alifuata njia nyingine. Aliona kwamba desturi za watu si za namna moja. Ziko mbaya, nazo ziachwe. Ziko ambazo si mbaya wala si njema, nazo hazina haja ya kuguswa. Na ziko njema, ambazo zinangoja tu kupelekwa kwa Mungu wa kweli. Kazi ya kanisa, kwa maoni yake, ilikuwa kupepeta kama mwanamke na ungo wake, si kumwaga mtama pamoja na makapi. Kwa hiyo chini ya uongozi wake jando la Kikristo likawekwa sawasawa. Wari walianza kwa sala. Padre au mwalimu alikuwa pamoja nao. Penye mti wa mizimu pakawa na msalaba, na penye sadaka ya unga pakawa na maombi. Wanyakanga walichaguliwa kati ya Wakristo waaminifu, nyimbo chafu zikaondolewa, na siku ya kutoka wari walipelekwa kanisani kushukuru kabla ya kwenda kwa mama zao. Kukaa pamoja, kuvumilia, kuwaheshimu wazee, nguo mpya na furaha ya kijiji, hayo yalibaki.

Wengi wa Ulaya walimsifu kana kwamba yote yametoka kichwani mwake, naye aliandika vizuri juu ya jambo hili, basi jina lake likashika. Wanahistoria waliochunguza baadaye wameonyesha kwamba makasisi wenyeji walikuwa wamelihangaikia muda mrefu kabla yake. Mmoja wao, Padre Kolumba Msigala, aliacha kumbukumbu za maisha yake na za kanisa la huko. Hao ndio waliokuwa na watoto wa kupeleka. Askofu hakuwa na mtoto wa kiume ambaye mjomba wake angebisha hodi usiku. Sifa ya Lucas, tukiipima kwa haki, ni kwamba alisikiliza, na akatumia cheo chake kuyalinda yale ambayo wengine walikuwa wameyaona. Si sifa ndogo kwa kiongozi wa zama zile.

Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwanamume haingii unyagoni, awe askofu au nani. Ilibidi kazi ifanywe na wamisionari wanawake na wake wa makasisi na waalimu, na makungwi hawakufurahi kuona siri zao zinapepetwa na watu wengine. Mabadiliko ya upande huo hayakwenda mbali kama ya wavulana. Mama wa darasa hili ambaye amewahi kukaa mkekani na makungwi atajua kwa nini.

Sasa tufungue Danieli 1. Linganisheni darasani: vijana wanachukuliwa kutoka kwa wazazi wao, wanapelekwa mahali pa mbali, wanapewa majina mapya, wanawekewa mwalimu, chakula na muda maalumu wa mafunzo, na mwisho wanaletwa mbele ya wakubwa. Ni kumbi kabisa, ingawa ni la Babeli. Angalieni Danieli alivyofanya. Jina jipya aliitwa nalo. Elimu ya Wakaldayo aliisoma, akawashinda wenyeji. Chakula alikikataa. Tena hakukikataa kwa kelele: aliomba kwa adabu, akazungumza na msimamizi, akapendekeza kijaribio cha siku 10, akakubali kupimwa kwa matokeo. Vitu vitatu viliwekwa mbele yake pamoja, naye alivitenga kimoja kimoja.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa kazi ya Lucas, na naomba darasa linisahihishe likiona vingine. Alipepeta vizuri. Makasisi walipepeta pamoja naye. Katika Matendo 15 mitume na wazee walifanya hivyo hivyo, wakawaondolea watu wa Mataifa mzigo usio wa lazima na kubakiza yaliyo ya lazima. Lakini ungo ulibaki mikononi mwa wakubwa. Mwari aliingia kumbini akakuta mambo yamekwisha kuchaguliwa, safi, na kazi yake ikawa kupokea. Hakuulizwa kwa nini mti umeondoka. Hakuna aliyemfundisha kutenga jema na baya siku atakapokuwa mbali, bandarini Lindi au katika mashamba ya mkonge, ambako hakuna padre wala nyakanga. Danieli alikuwa mbali na nyumbani, na ungo alikuwa nao.

Vijana wetu wa leo wanatoka mapema kuliko wale. Ndugu wa Newala wanalijua jambo hili: kijana anamaliza kidato cha nne, anaangalia mikorosho ya baba yake, anasikia habari za wenzake waliokwenda Dar es Salaam kuuza vitu mkononi, na mwezi haujaisha yuko kwenye basi. Jina la Machinga, ambalo nchi nzima huwaita wachuuzi wa barabarani, ni jina la watu wa Lindi. Kuna wanaokwenda kwa kufikiri, wakafanikiwa. Kuna wanaokwenda kwa sababu tu mwenzao alikwenda. Na kuna binti ambaye amechezwa unyago akiwa na miaka 9 au 10, akaambiwa sasa yeye ni mkubwa, na shule anayo miaka mingi bado. Amepewa jina la mtu mzima kabla ya kupewa akili ya kuamua.

Basi likizo inapokaribia, na ngoma zinaanza kusikika, mzazi Mwadventista wa Masasi ana kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya Lucas: kujua hasa ni nani atakayemfundisha mtoto, ni nini kitakachoimbwa, na ni lipi asilolikubali. Ya pili Lucas hakuimaliza, nayo haifanyiki kumbini. Inafanyika jioni, shambani wakati wa kuokota korosho, au njiani kutoka kanisani. Mwulize kijana yeye mwenyewe: katika haya, lipi ni jema, lipi si kitu, lipi ni la kuacha, na kwa nini? Akijibu vibaya, usimkatize upesi. Mwulize swali la pili. Anapotaja kazi anayoitaka au mji anaoutaka, mpeni kijaribio chake cha siku 10, kama msimamizi alivyompa Danieli: aende kwa fundi akae naye likizo nzima, au alime robo ekari yake mwenyewe na kuhesabu mapato. Kisha kaeni naye mhesabu pamoja, na mjomba awepo.

Lucas alipoondoka mwaka 1944, jando la kanisa lilikwisha kuwa jambo la kawaida la Masasi, na maaskofu waliomfuata walilikuta hivyo. Mwongozo wake uliandikwa kwa ajili ya makasisi na waalimu. Kwa ajili ya wari wenyewe bado halijaandikwa.