Charles Péguy, baba aliyetembea hadi Chartres



Charles Péguy alizaliwa Orléans, Ufaransa, mwaka 1873. Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza mwaka. Mama akamlea kwa kazi ya kusuka viti. Akiwa mwanafunzi aliacha imani, akairudia utu uzimani. Ila mke wake hakuamini, ndoa yao haikufungwa kanisani, watoto hawakubatizwa. Basi Péguy alisali, lakini Komunyo hakupokea.

Mwanawe Pierre alipougua homa ya matumbo, Péguy aliweka nadhiri kwa Bikira Maria. Juni 1912 akaenda kwa miguu hadi kanisa kuu la Chartres, akikatiza mashamba ya ngano ya Beauce. Kwenda na kurudi, kilomita 144 kwa siku tatu! Na Pierre alipona.

Péguy aliuawa vitani Septemba 1914, akiwa na miaka 41. Mwaka 1935 wanafunzi wa Paris walifuata nyayo zake, na hija yao ikaendelea kukua.

Kijana mwenzangu, kuna kitu kinakuzuia kuikaribia altare? Usikae mbali. Péguy naye alizuiliwa, lakini miguu alikuwa nayo. Anza kutembea, Mama anakusubiri.